Radi Hakusikika

Hata jogoo wa jirani alikuwa hajakohoa bado, kifuniko cha birika kilipoanza kugonga jikoni, tik, tik, tik, kama mgeni mwenye haya anayebisha hodi. Mama Mapazia hakufumbua macho. Alilala vilevile, akasikiliza. Ndivyo alivyokuwa tangu usichana wake: masikio ndiyo huamka kwanza, macho hufuata yakipenda.

Akatabasamu gizani. Aliyebandika chai alikuwa binti yake aliyekuja kulala hapo, na binti huyo alikuwa ameapa usiku uliopita kwamba safari ya kwenda kununua pikipiki haimhusu ndewe wala sikio.

"Umeamka, mwanangu?" alimwita.

"Nimeamka kwa ajili ya chai tu, Mama. Usidhani nimebadili mawazo."

"Chai ya mtu mmoja inataka birika kubwa hivyo?"

"Dogo silioni."

Dogo lilikuwa pale pale kwenye msumari wake. Mama Mapazia aliliona alipoingia jikoni, lakini alinyamaza. Mtu anapokutendea wema kwa siri, si vizuri kumfunua.

Jina la Mama Mapazia alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba akipima madirisha, kisha kurudi kwake kukata na kushona, kisha kwenda tena kutundika. Mume wake, mwalimu mpole aliyekuwa akimshikia ngazi kila siku ya mapumziko, alikuwa ametangulia mbele ya haki kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo madirisha yalizidi kuwa mbali. Marobota ya vitambaa yalimchosha mabega, na vyombo vya usafiri vya kukodi vilimwacha njiani. Ndipo akajiandikisha chuo cha udereva pamoja na vijana ambao angeweza kuwa bibi yao, akaanguka, akainuka, akapaka michubuko mafuta, na wiki iliyopita alizunguka namba nane iliyochorwa chini bila kukanyaga chini hata mara moja.

"Umefaulu, Mama," mkaguzi alimwambia. "Lakini mbona ulikuwa unaongea na pikipiki?"

"Nilikuwa naibembeleza."

Sasa binti alimmiminia chai, akakaa mbele yake, akaikunja mikono kama mbele ya darasa lake la chekechea.

"Tukumbushane makubaliano," alisema. "Pikipiki ya chuoni ilikuwa kuukuu, springi zimechoka, imeshuka hadi karibu na ardhi. Ndiyo maana uliiweza. Leo tunakwenda kwenye pikipiki za kawaida. Ikipatikana moja unayoikalia na miguu yako ikagusa chini sawasawa, sitasema neno. Isipopatikana, unahamia kwangu. Chumba nimeshakipaka rangi. Na mapazia basi."

"Nimesikia."

"Mama, sikukomoi. Nimebaki na mzazi mmoja."

Mama Mapazia aliushika mkono wa binti yake, akaubana kidogo. Kisha aliinuka, akaitia futi ya kitambaa mkobani, pamoja na sindano kubwa na uzi mnene, maana hakuwahi kutoka bila vitu hivyo.

Yadi waliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya duka la mbao. Pikipiki zilipangwa chini ya paa la bati, zote zimegeuzia taa upande mmoja, kama wanafunzi wanaosubiri mwalimu. Palinuka petroli na maranda. Fundi alikuwa amepiga magoti ameupa mlango mgongo, kichwa chenye mvi kimeinama juu ya injini.

"Karibuni," alisema bila kugeuka. "Mikono yangu si ya kupokea wageni. Nipeni nafasi niifute."

Sauti hiyo Mama Mapazia aliijua. Akasimama pale pale.

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kufuta kidole kimoja kimoja, akianzia kidole cha mwisho. Mama Mapazia hakuhitaji kuuona uso. Katika maisha yake alikuwa amemjua mtu mmoja tu aliyefuta mikono hivyo. Enzi hizo mtu huyo aliitwa Radi, kwa sababu pikipiki yake ilisikika kabla hajaonekana.

Akageuka. Macho yao yakakutana, yakakaa. Kitambaa kikasimama kwenye kidole gumba.

"Shikamoo, fundi," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu." Alimjibu binti, lakini bado alikuwa akimtazama mama. "Karibu, Mama."

"Asante, fundi. Tumekuja kutafuta pikipiki. Ya kwangu mimi."

Mtu mwingine angecheka. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, kama aliyeambiwa jambo la heshima. "Ya kubebea nini?"

"Marobota ya vitambaa, na fimbo za mapazia."

"Basi tuanze na visigino," alisema. "Macho hupenda rangi. Visigino ndivyo vinavyojua ukweli."

Binti alimtupia mama yake jicho la ushindi.

Wakaanza. Nyekundu kubwa ilimwacha Mama Mapazia akining'inia kama nguo kwenye kamba. Nyeusi mpya yenye kung'aa ilimgusisha vidole tu.

"Hiyo ya bei kubwa sikuuzii," fundi alisema. "Utakuwa unaikimbiza wewe, badala ya yenyewe kukupeleka."

Kulikuwa na moja ndogo kabisa iliyomfaa miguu, lakini fundi aliikandamiza nyuma kwa mkono mmoja nayo ikalalamika. "Robota moja tu, itakaa chini."

Mama Mapazia akatoa futi yake. Alijipima mguu kwa ndani, toka juu hadi kisigino, bila kuona haya, kisha akapita akipima viti vya pikipiki kimoja kimoja kama anayepima madirisha. Fundi alimfuata nyuma akiwa ameuma mdomo kuzuia kicheko. Mbele ya pikipiki moja ya buluu, iliyotumika lakini imetunzwa, alisimama. Alilikagua gurudumu, akaligusa tangi, akaketi. Ilimpokea vizuri kila mahali. Usukani ulimjia mikononi wenyewe. Lakini visigino vilibaki hewani, upana wa vidole viwili.

"Pole, Mama," binti alisema, na kwa kweli alikuwa na huruma. "Makubaliano ni makubaliano."

Mama Mapazia aliukumbuka ule ukuta wa chumba kilichopakwa rangi, na dirisha lake lenye pazia ambalo hakulishona yeye. Akashuka polepole.

"Kiti hiki kina sponji nene," fundi alisema taratibu. "Sponji hukatwa. Tatizo ni ngozi ya juu. Ikilegea, maji yataingia. Mimi kushona sijui, na mshonaji wangu amesafiri."

Mama Mapazia aliufungua mkoba, akaitoa ile sindano kubwa, akaiinua juu.

Binti akashusha pumzi. "Kama ni kushona, mtakaa hapa mpaka jua lichoke. Basi nakwenda kuwatafutia wanangu viatu. Nikirudi, visigino viwe chini, au twende nyumbani."

Alipotoweka nyuma ya mbao, fundi alikifungua kiti, akakileta kwenye benchi, akavuta kigoda kwa ajili yake na kukifuta vumbi mara mbili. Yeye akakaa kwenye debe lililopinduliwa.

"Radi," alisema Mama Mapazia.

Fundi alifumba macho. "Hilo jina siku hizi halina mwenyewe. Hapa wananiita Mzee Polepole."

"Ulikuwa polepole lini wewe?"

"Tangu ulipoacha kunisubiri, Sindano."

Sindano. Hakuna aliyemwita hivyo tangu alipokuwa msichana mwembamba mwenye ulimi mkali. Aliinamia ile ngozi, akaanza kufumua ukingo wake.

Nani angesahau? Baba yake alikuwa mtu wa heshima zake, na alipoletewa posa alimtazama yule kijana aliyejaa vumbi akasema, "Siwezi kumwoza binti yangu kwa moshi." Na Radi, badala ya kuinamisha macho, akajibu, "Mzee, penye moshi pana jiko." Nyuma ya mlango, mama na shangazi waliziba midomo. Hata baba nusura acheke. Lakini neno lake halikubadilika: "Rudi ukiwa na kitu kinachosimama."

Wao wawili walikuwa na lugha yao. Kila alfajiri, akipita kwenda kazini, Radi alipunguza mwendo pembeni ya nyumba yao, akaguruma mara mbili. Naye ndani aliinua ncha ya pazia, akaishusha. Basi. Siku nzima ikapata utamu wake. Kisha alfajiri moja ngurumo haikuja, na iliyofuata haikuja, na wiki zikapita. Alisikiliza mpaka akachoka. Mwalimu mpole alipokuja na wazee wake, alikubali.

"Mimi niliacha kukusubiri?" aliuliza sasa. "Nilikaa nikikusikiliza mpaka mama yangu akadhani nina maradhi ya masikio. Hukuja."

Kisu cha fundi kilikuwa kikikata sponji kwa vipande vyembamba kama mkate. Kikasimama.

"Nilikuja."

"Usinidanganye, tumeshazeeka."

"Sindano, nilikuja. Baba yako alitaka kitu kinachosimama. Wiki ile ile niliuza pikipiki, nikanunua sanduku la spana, nikapata fundi mkubwa wa kunifundisha kazi, mbali, mji mwingine. Alfajiri ya kuondoka nilipita kwenu kwa miguu. Sanduku nimelibeba begani. Nilisimama pale pembeni, mahali petu, nikaliangalia pazia. Nikasema moyoni, akiliinua, nitamwambia anisubiri. Halikuinuka."

Mama Mapazia aliiweka sindano pajani.

"Nilikuwa macho," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimekaa nyuma ya lile pazia. Nilikuwa nasikiliza pikipiki."

"Sikuwa nayo."

"Ungekohoa."

"Baba yako naye alikuwa na masikio."

"Ungepiga hata mluzi."

"Mluzi sijui mpaka leo. Nilijua kuguruma tu."

Wakatazamana. Msumeno ulilia upande wa pili wa ukuta, ukanyamaza. Halafu Mama Mapazia akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichokuja na machozi, na fundi naye akacheka akijifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilijaa unga wa sponji. Ukuta mmoja, kitambaa kimoja cha maua, mmoja anasubiri kuona, mwingine anasubiri kusikia.

"Nilidhani umemtii baba yako," alisema fundi.

"Nilidhani umechoshwa na baba."

Alishona mishono mitatu, akaona ameikosea, akaifumua. "Nikwambie jambo, Radi. Mume niliyempata alikuwa mtu mwema. Alinishikia ngazi. Sitaki maneno yatakayomfanya awe mgeni kwenye maisha yangu."

"Siwezi kuyasema. Nilikuwa nikiomba upate mtu wa hivyo." Akapuliza unga kutoka kwenye sponji. "Mimi pia nilioa. Alikuwa na moyo mkubwa na mdomo mkubwa, na tangu afariki vyote nimevikosa. Ni yeye aliyenifundisha kupanga pikipiki kwa mstari. Alisema yadi yangu inafanana na ajali."

Mama Mapazia alicheka tena. "Ningempenda."

"Mngenimaliza."

Waliivuta ngozi pamoja juu ya sponji iliyopunguzwa, yeye upande huu, Radi upande ule, na kila alipopitisha sindano, Radi aliibana ngozi kwa gumba mahali panapofuata, bila kuambiwa. Mikono yao iligusana mara nyingi. Hakuna aliyeomba radhi.

Binti aliwakuta hivyo. Alisimama na mfuko wa viatu, akamtazama mama yake aliyekuwa na uso ambao alikuwa hajauona tangu msiba.

"Nyinyi mnajuana," alisema.

"Tulijuana," Mama Mapazia alijibu. "Kabla ya baba yako. Alileta posa, babu yako akakataa."

"Ulijua yuko hapa?"

"Nani alituelekeza yadi hii, mwanangu?"

Binti alikumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyemuuliza dereva wa shule yake. Aliuweka mfuko chini. "Na Baba?"

"Baba yako yuko mahali pake, na hapo hapakaliwi na mtu mwingine. Mimi nimeshona kiti tu."

"Mama, yule anakutazama kama anakupima."

"Leo mwenye futi ni mimi."

Fundi alikuwa amejitenga kwa adabu, akakifunga kiti kwenye pikipiki ya buluu, akakikaza na kukitikisa. Kisha akarudi akiwa na kofia ngumu tatu, akazipanga mbele ya binti, si mbele ya mama.

"Mwanangu, pikipiki atachagua yeye," alisema. "Kofia uchague wewe. Hicho ni kichwa cha mzazi wako, siwezi kukiamulia mimi."

Binti alimtazama kwa muda. Akaziokota moja moja, akazigonga kwa vifundo vya vidole, akavuta kamba, akachungulia ndani. Alichagua nzito kuliko zote. Akamvalisha mama yake, akaifunga chini ya kidevu, akaingiza kidole kuhakikisha haibani, kama anavyowafanyia watoto wa darasa lake na kofia zao za baridi.

"Haya," alisema. "Kaa."

Mama Mapazia akakaa. Kiti kilizama kidogo. Alishusha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, polepole, kama mtu anayejaribu maji. Visigino vyote viwili vikagusa saruji, vikatulia.

Binti alipiga magoti. Alijaribu kupitisha kidole chini ya kiatu cha mama yake. Hakikupita. Alikaa pale chini kitambo, mkono wake juu ya kile kiatu.

"Vimegusa," alisema mwishowe. "Mimi si mtu wa kugeuka."

"Na kile chumba?"

"Nitaweka viatu."

"Niachie dirisha lake. Nitalishonea pazia."

Fundi alisema kwamba sheria ya yadi yake ni mnunuzi kuzunguka mara moja huku muuzaji amekaa nyuma. Binti aliuliza kama sheria hiyo ilikuwepo jana. Fundi akasema sheria nzuri hazina tarehe. Binti akageuza uso pembeni, lakini Mama Mapazia aliliona tabasamu.

Basi wakatoka, yeye mbele, Radi nyuma, mikono ameshika chuma cha kubebea mizigo kwa heshima zote. Walipita mbele ya duka la mbao, wakapita duka la rangi. Kwenye kona ya kwanza pikipiki ilisita, ikataka kwenda upande.

"Radi, unafanya nini huko nyuma?"

"Sijafanya kitu."

"Unaegemea upande mwingine. Unashindana na kona."

"Naogopa," alisema yule mzee. "Sijawahi kupakiwa maisha yangu yote."

Zamani, mara ile moja tu Radi alipompakia kumrudisha kutoka sokoni, ni yeye aliyeegemea vibaya kwa hofu, na ni Radi aliyemwambia kwa upole, pinda nami. Sasa alipunguza mwendo, akageuza kichwa kidogo.

"Pinda nami," alimwambia.

Kwenye kona ya pili walipinda pamoja. Upepo ulikuwa ule ule. Waliporudi yadini, Mama Mapazia alichelewa kuzima injini.

Jua lilikuwa limelegea walipomaliza mambo ya ununuzi. Robota la mfano, mfuko wa viatu vya watoto, lilifungwa nyuma ya kiti. Binti alikuwa ameamua kwenda nyumbani kwa gari la kukodi, nyuma ya mama yake, "ili nione taa inafanya kazi." Alimuaga fundi kwa mikono miwili, akasema asante kwa sababu ya ile kofia, akatangulia barabarani.

Radi alibaki ameshika usukani wa pikipiki ya buluu kana kwamba bado ina tatizo.

"Mnyororo ni mpya," alisema. "Ukitembea kidogo utalegea. Itabidi uilete niukaze."

"Mnyororo najua kuukaza. Chuoni walitufundisha."

"Na mafuta ya injini?"

"Hayo pia."

"Breki?"

"Breki nilipata alama zote."

Alikuna mvi zake. Alikiangalia kitambaa mkononi, akaanza kufuta vidole vilivyokuwa vimeshakuwa safi, kimoja kimoja, akianzia cha mwisho. Mama Mapazia alimsubiri. Safari hii alikuwa anamwona na kumsikia.

"Basi isipokuwa na kasoro yoyote," Radi alisema, "njoo vilevile."